Zamu ya Madamu Bati

Juzi nilisikia redioni kwamba huko Japani wametengeneza watu wa chuma wa kutunza wazee. Wanawainua kitandani, wanawapa dawa, wanawapigia na stori. Mtangazaji anashangaa, eti dunia haijawahi kuona jambo la namna hii. Nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kama nimepata wazimu. Dunia gani hiyo ambayo haijaona? Sisi hapa Bwiza, mjini Bujumbura, tulikuwa na wetu tangu wakati wa vita. Alikuwa na jina, alikuwa na kiti chake, na mimi Asiya binti Mwanasiti niligombana naye kwa mdomo wangu huu huu, kama mtu anavyogombana na mke mwenza.

Lakini ngoja nianze na mama, maana bila mama hakuna Madamu Bati.

Mama yangu alikuwa mpika sambusa. Ukisema hivyo tu unamkosea adabu. Harusi ya Bwiza au ya Buyenzi ikikosa sambusa za Mwanasiti, watu walisema ile haikuwa harusi, ilikuwa mkutano. Alikaa uani juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mkono wa kulia unakunja na kubana, unakunja na kubana, huku mdomo unasengenya avenyu nzima bila kuacha nyumba. Na Bwiza ya siku zile, wacha nikuambie! Jioni moshi wa brosheti, mishikaki ya mbuzi, umejaa njiani, baa hii inapiga rumba, baa ile inapiga rumba nyingine, wewe uko katikati huelewi wimbo hata mmoja lakini miguu inacheza yenyewe. Mtu anakusalimu kwa Kirundi, anauliza habari za watoto kwa Kiswahili, anakuaga kwa Kifaransa, na ni yule yule mmoja. Nilianza kuikumbuka Bwiza ile nikiwa bado naishi ndani yake.

Mwenzake mama alikuwa Daphrose, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane, Mkatoliki wa misa ya alfajiri. Walikutana wakiwa mabibi harusi wote wawili na hawakuachana. Noeli ikifika, Daphrose alimleta jogoo akiwa hai, ili achinjwe kwetu kwa bismillahi na sisi tuweze kula. Ramadhani ikifika, yeye ambaye hakufunga alikaa na njaa yake mpaka magharibi, eti hawezi kutafuna mwenzake akimtazama. Walikula sahani moja. Si kwa umaskini, sahani zilikuwepo kabatini, za maua, hatukuruhusiwa kuzigusa. Walikula sahani moja kwa sababu walipenda.

Mwaka wa pili wa vita, mama aliamka asubuhi upande wa kulia umelala. Mkono, mguu, na shavu kidogo. Ulimi ulibaki, Mungu fundi, angeuchukua huo tungemzika siku ile ile. Mguu alisema sawa, kwani nakwenda wapi. Lakini mkono! Mama hakuwa mtu wa kula kwa mkono wa kushoto. Sheikh wa mtaani akaja, akakaa naye kwa upole, akamweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa, dini si mzigo, Mungu amekwisha kumsamehe.

"Mungu amenisamehe," mama akamjibu, "mi bado sijajisamehe."

Kulishwa na mimi pia apana. "Mi nilikulisha we. Maji hayapandi mlima." Kulishwa na Ilias, kaka yangu mdogo, ndiyo kabisa usimtajie. Tukamleta binti wa kazi, binti mwenye adabu zake, mama akamtazama kwa jicho moja mpaka akaaga mwenyewe. Aliyemlisha ni Daphrose. Tena hukuweza kusema anamlisha. Alikaa palepale alipokaa siku zote, sahani palepale, anakata tonge lake anameza, anakata tonge la mwenzake anamtia kinywani, anakata lake, na maneno hayakatiki. Ukipita mbio unaona wazee wawili wanakula na kucheka, hujui nani mgonjwa.

Halafu hali ikachafuka hapa mtaani. Sitaki kuisimulia yote. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo Mungu ampe kutojua. Watu wakaanza kuhama, kila mmoja akakimbilia walipo wa kwao, nyumba zikabadilisha wenyewe. Asubuhi moja mtoto wa Daphrose akaja na pikapu kutoka Musaga, hakuzima hata injini. Daphrose akaingia kwetu na kitenge kimoja begani. Hakulia. Alimtengenezea mama mtandio, akautengeneza tena, akautengeneza tena, mpaka mtoto wake akapiga honi.

Musaga si mbali. Ni minibasi tu, unashuka, unatembea kidogo. Lakini siku zile mutu wa Bwiza hakwenda Musaga na mutu wa Musaga hakuja Bwiza, labda awe amechoka kuishi. Wangekuwa wamempeleka Ulaya ingekuwa nafuu, maana ya Ulaya tungeyazoea.

Mama akaacha kula.

Hakutangaza. Alikunywa chai, alikubali kipande cha mkate kwa ncha ya vidole vya Ilias, akasema ameshiba. Mimi nilikuwa na meza yangu ya vitenge soko kuu. Nilirudi mchana nikiwa na sahani, nikaketi mbele yake, nikapeleka kijiko. Anageuza uso. "We umekula?" ananiuliza. Nimekula sokoni, mama. Kila mtu Bujumbura siku hizo alikuwa amekula mahali pengine. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, sisi tuliita ambargo, sukari ikawa ya wakubwa, mafuta ya kupikia unanunua kwa kifuniko cha chupa. Chakula cha nyumba yetu kilikuwa cha mtu mmoja na nusu, na Ilias alikuwa mtu mmoja wa gereji, ana mifupa ya kazi. Mama mgonjwa. Hesabu hiyo haihitaji shule. Basi nikaapa wallahi nimekula, nikapeleka kijiko tena, naye akageuza uso tena, na jioni nikampashia moto kile kile. Aliisha mbele ya macho yangu. Nilipombeba kwenda kuoga niliogopa, maana nilimbeba bila kupumua kwa nguvu.

Hapo ndipo Ilias akaingilia.

Huyu kaka yangu alikuwa fundi kwenye gereji moja ya Buyenzi, fundi kwelikweli, lakini mtu wa ajabu. Ukimpa shida ya mtu, yeye anatafuta spana. Akaanza kuchelewa kurudi. Nguo zake zinanuka rangi. Nikamwambia, Ilias, mama anakufa wewe unapaka magari rangi? Akasema, "Dada, nipe mpaka Ijumaa hii."

Ijumaa akaja na mkokoteni umefunikwa shuka. Nusu ya watoto wa avenyu nyuma yake. Akaufungua sebuleni. Loo! Kiwiliwili ni pipa dogo la mafuta, limepakwa rangi nyeupe. Kichwa ni kopo kubwa la maziwa ya unga, na macho ni taa mbili za pikipiki, za nyuma, nyekundu. Mkono mmoja wa bomba, umefungwa mota ya zile fagio za kufutia mvua kwenye kioo cha gari, na mnyororo wa baiskeli, na mwishoni kijiko. Betri ya gari imekaa chini, mahali ambapo mtu angekuwa na miguu. Na kengele ya mlangoni, ile ya kubonyeza, kwenye waya mrefu ili mama aishike. Akaweka sahani ya wali mbele yake, akabonyeza. Mkono ukanung'unika, ukashuka, ukachota, ukapanda, ukaenda polepole mpaka mbele ya kinywa cha mama na kusimama hapo, wala punje haikuanguka. Watoto wakapiga makofi.

Mama aliutazama ule mkono. Akautazama tena, akalitazama na pipa lenyewe, kama anayepima kitambaa.

"Ilias," akasema. "Huu mukono uko upande gani?"

Tukatazama wote. Yallah! Wa kushoto. Ilias ni mashoto tangu kuzaliwa, mama alimfunga ule mkono kwa kitambaa utoto wake wote na hakufaulu, na huyu mwerevu alipotaka kujua mkono wa mtu unavyopinda alikuwa akijitazama mwenyewe. Katengeneza mashoto mwenzake! Ilias akashika kichwa. Na mama akacheka. Alicheka shavu moja linapanda, jingine limelala, machozi yanatoka, anajipiga gotini kwa ule mkono mzima. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu pikapu ya Musaga.

"Nilikuomba mukwe," anamwambia, "umeniletea mukwe wa bati, tena hajafundishwa na mama yake. Rudisha kwao!"

Akairudisha gereji. Alipokuja nayo tena, mkono ulikuwa kulia, na sijui nani alikuwa ameivalisha blauzi ya mtumba yenye kola ya lesi. Mama akasema huyu sasa ni madamu wa ofisini. Jina likabaki, Madamu Bati. Ilias akaweka sahani, mama akasema bismillahi vizuri kabisa, akabonyeza, kijiko kikapanda, kikafika. Mimi nimeshika pumzi mlangoni.

Mama akafunga mdomo.

"Aonje kwanza," akasema.

"Nani aonje, mama?"

"Yeye. Anayenipa."

Wewe msomaji wa mbali labda utaona huu ni ukorofi wa kizee, kwa hiyo nikueleze. Kwetu huku, mwenye kukupa kinywaji huonja kwanza mbele yako. Mwenye pombe anaonja pombe, sisi tusiokunywa tunaonja maji na chai. Ndivyo unavyojua kwamba anakutakia uhai. Asiyeonja ana lake jambo, na hata kama hana, amekudharau. Hilo halina dini wala kabila. Lakini kumdai pipa!

"Mama," Ilias akasema, "hii ni chuma. Haina tumbo."

"Mutu akilisha wengine naye hali, huyo ni wa kuogopwa," mama akasema. "Na we si fundi? Mupe tumbo."

Nilitoka nje nikaenda kusema na ukuta. Wallahi nilimtukana yule Madamu, nikamtukana na fundi wake, nikajitukana na mimi. Nyumba haina chakula, na tunatafuta tumbo la kopo!

Ilias akalipata. Alitoboa mdomo kwenye lile kopo la kichwa, akatia faneli, bomba likashuka mpaka tumboni, na tumboni akaweka bakuli safi lenye mlango mdogo mbele. Akatengeneza na gurudumu la meno ili kijiko kijue zamu. Kijiko kimoja kinakwenda kwa Madamu, vitatu kwa mama. Mama akala. Alhamdulillah, alikula! Madamu akatia chake mdomoni, kikaporomoka tumboni, halafu mama akafungua kinywa chake bila neno akapokea. Nikakaa chini palepale nilipokuwa. Akala vitatu. Kisha akasema kwa Ilias, "Kwa nini mi tatu, yeye moja? Nimemukaribisha au nimemufunga? Fanya moja kwa moja."

"Mama, chakula ni kidogo."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" nikapiga kelele kutoka sakafuni.

"Jembe anafanya," mama akasema. "Unamuona amekaa?"

Basi ikawa moja kwa moja, kijiko kwa Madamu, kijiko kwa mama. Na sasa sikia fedheha yangu. Siku ile ile ya kwanza, sahani ilipoisha, mama akanyoosha kidole kwenye kile kimlango cha tumbo. Chakula cha mgeni hakitupwi, akasema, kutupa chakula kufuru, na panya watakuja wamle mukwe wangu. "Asiya, kisafishe."

"Nitampa kuku wa jirani."

"Kuku? Wali uliosomewa bismillahi umpe kuku? Kula we. Hapa hapa, nione bakuli jeupe."

Nikala. Makombo ya chuma! Mimi, mtoto wa kumzaa, mkono wangu umekataliwa, umekubaliwa wa bomba, na tena nakula makombo ya bomba. Nilikula kwa hasira, nusu ya chakula cha nyumba, kila mchana, na kila mchana mama alikuwa akinitazama mpaka bakuli likang'aa, halafu anasema, "Sasa Madamu amepumuzika."

Nikamwonea wivu pipa, sina haya ya kusema. Maana mama alirudi. Nyama zikarudi mikononi, sauti ikarudi, na masengenyo yakarudi. Na alimwambia nani? Si mimi. Nilikuwa nikiosha vyombo nyuma ya pazia, namsikia. Bonyeza, kijiko kinanung'unika, na mama anasimulia. Anamwambia Madamu jinsi mji ulivyoitwa Usumbura, na viboko walivyotoka ziwani usiku kula bustani za wazungu. Anamwambia jinsi Daphrose alivyokuja bibi harusi kutoka mlimani, hajui hata sambusa ni nini, akaila na karatasi yake. Jinsi walivyonunua doti moja ya kanga kutoka Kigoma wakaigawana, mmoja akavaa kipande hiki, mwingine kile, wakatembea pamoja ili ionekane wana doti nzima. Jinsi baba, dereva wa lori la Uvira, alivyokuwa akipiga honi tangu mbali ili chai iwekwe motoni, na siku aliyokuja bila kupiga honi mama akajua ana mwanamke. Mambo hayo sikuwahi kuambiwa. Nilisimama na sahani yenye povu mikononi, nacheka bila sauti, nalia bila sauti, na namchukia yule mwenye taa nyekundu aliyekuwa akiambiwa.

Leo ningetoa vitenge vyangu vyote nisimame nyuma ya lile pazia mara moja tu.

Majirani waliobaki walikuja kumtazama. Mzee mmoja, Jovithe, mlevi wa amani asiyemdhuru mtu, alimpa Madamu mkono kila alipoingia, na alipoona hapewi wake alisema ana maringo ya watu wa Kinindo, mtaa wa matajiri. Mama alipenda hayo. Nyumba ilianza kuwa na watu tena, wachache, lakini wa kucheka.

Halafu wakaja watu watatu wenye bunduki. Mchana, jua kali, tuko katikati ya chakula. Siku zile hukuuliza mtu ni wa upande gani. Bunduki ilikuwa upande wake yenyewe. Wakaingia bila hodi. Yule wa mbele akamwona Madamu, macho mekundu, mkono unapanda, akarudi nyuma akamkanyaga mwenzake.

"Nini hii?"

"Mugeni wangu anakula," mama akasema. "Ngojeni zamu iishe."

Wakangoja, usinione mwongo! Kijiko kikaenda kwa Madamu, kikaenda kwa mama. Mdogo wao akaanza kutabasamu, akajikaza. Kisha wa mbele akainama, akaona betri. Betri yenye chaji, wakati wa ambargo, ilikuwa dhahabu. Akakata waya kwa kisu, akaibeba begani. Madamu alizimika kijiko kiko njiani, kimejaa maharagwe, hakijafika kwa mtu.

"Betri chukueni," mama akawaambia, "sahani muiache." Wakaiacha.

Ilias alizunguka mji. Betri zilizokuwepo zilikuwa zimekufa, asidi hakuna, umeme wenyewe unakuja na kuondoka utakavyo. Aliniambia mlangoni kwa sauti ya chini, akiwa amekunja kofia mkononi, kwamba labda wiki ijayo, labda mwezi ujao. Mwezi! Nilimtazama mama aliyekuwa amekaa mbele ya lile pipa limenyamaza, nikakumbuka jinsi nilivyombeba bila kupumua kwa nguvu.

Mchana ule nilimsukuma Madamu pembeni. Nikakaa kwenye nafasi yake, nikaweka sahani, wali kidogo, maharagwe, ndagala wachache, dagaa wa ziwani, juu. Mkono wangu wa kulia, nikauosha mara mbili. Nikachota, nikapeleka.

Mama akafunga mdomo.

"Mama, kula."

Anatazama ukuta.

"Mama, nakuomba."

Ukuta.

Hapo nikapasuka. Miaka ile yote ilitoka kwa mara moja. "Nimekukosea nini?" nikamwambia. "Mukono wa chuma unaukubali, mukono wangu apana! Pipa la mafuta unaliambia habari za baba, mi unaniambia osha vyombo! Mi si mwanao? Ulinizaa au ulininunua? Daphrose hayupo, mama! Hawezi kuja! Madamu amekufa! Nimebaki mimi tu, huyu huyu, utake usitake, na sitakuangalia unakufa njaa mbele yangu kwa maringo!" Wali unaanguka kwenye goti lake.

Mama alingoja nimalize kupumua.

"Umeonja?" akaniuliza.

"Kuonja nini? Unadhani nitakuwekea sumu?"

"Sumu!" Akacheka kwa lile shavu moja. "We Asiya, akili zako zote unaziuza sokoni, nyumbani unafika bila kitu. Unafikiri mi sijui chuma hakili? Mwili umelala nusu, kichwa hakijalala."

Nikaanza kuokota punje za wali kwenye goti lake.

"Daphrose alipokuwepo," akasema, "we ulikula jikoni, nilisikia vyombo. Alipoondoka sikusikia tena. Unaniletea sahani moja, unakaa hapo, umekula sokoni. Sokoni una mama mwingine? Kitenge ulikizungusha mara mbili, nikaona kinazunguka mara tatu. Nikakuuliza, ukaniapia wallahi. Mutu akisha kuapa, utamufanya nini? Nikasema basi sitakula, atakula yeye. We ukanipashia moto kile kile." Akapumua. Maneno marefu yalimchosha. "Ilias akaleta yule wake. Nikaangalia nikasema, huyu akipewa tumbo, kinachoingia ndani lazima mutu akitoe. Na nani atakitoa?"

Nikamtazama Madamu pale pembeni, kola yake ya lesi imekaa upande, kimlango cha tumbo kiko wazi. Mchana baada ya mchana. Bakuli jeupe, nione.

"Mama..."

"Usiniite mama na kijiko kimejaa. Zamu yako."

Nikataka kumwambia nimeshakula. Neno lilikuwa tayari ulimini, kwa mazoea tu, na yeye alikuwa akiutazama mdomo wangu akilingoja. Nikakigeuza kijiko, nikakitia kinywani mwangu. Nilitafuna na machozi na chumvi yote.

Mama alinitazama mpaka nikameza, ndipo akafungua kinywa.